Kuwekwa Kizuizini Pasipo Hukumu

Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo kushtakiwa, wala mahakama haikuweza kuihoji amri yake. Walioiunga mkono walisema nchi changa ina maadui. Wengine waliuliza: asiye na hatia atajitetea wapi? Swali hilo twaliona zito. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Kisha tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya kuzuia ugaidi. Mabishano yakaanza upya. Kwetu Kidahwe, karibu na ziwa, jambo hili si la mbali. Wakimbizi wa Burundi waliingia mkoani Kigoma kwa makundi mwaka 1972 na 1993, wakiikimbia hofu ile ile ambayo jirani mwenye minong'ono aweza kuwatwika wao.