Sare ya jeshi: kurekebisha si kuadhibu

Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo huandikisha pia wahamiaji wenye kibali cha ukaazi wa kudumu, mavazi ya askari huongozwa na kanuni namba 670-1. Sajini akimwona askari wa cheo cha chini amevaa sare isivyopasa, ana wajibu wa kumtaka ajirekebishe papo hapo.

Hata hivyo, kanuni namba 600-20 inaweka mipaka. Mafunzo ya ziada sharti yahusiane na kasoro yenyewe, na hukoma mara inapoondoka. Hayaruhusiwi kugeuzwa adhabu ya kificho. Adhabu ni mamlaka ya kamanda, chini ya kifungu cha 15 cha sheria ya kijeshi, na askari ana haki ya kujitetea na kukata rufaa.