Simu Nayo Ina Mlango: Mipangilio ya Android Inayolinda Sitara ya Nyumba



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, tunaulizwa mara kwa mara: simu hizi za kisasa ni halali au haramu? Jawabu ni kwamba simu ni chombo, na hukumu yake hufuata inavyotumiwa. Lakini lipo suali jengine ambalo halina budi kuulizwa: nani anaingia ndani ya simu yako, na anaingia kwa idhini ya nani?

Sisi watu wa visiwani tumelelewa kupiga hodi. Mtoto hufunzwa hodi kabla hajajua kusoma. Katika Suratun-Nuur, aya ya 27, Allah ameamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na wanazuoni wameeleza kuwa hekima yake kubwa ni kuyalinda macho yasione yasiyowahusu. Leo picha za harusi, wake zetu na binti zetu wakiwa bila ya hijabu, ujumbe wa mume na mke, vyeti vya hospitali na pesa za matumizi, vyote vimo ndani ya simu. Halafu simu hiyo hiyo anapewa mtoto acheze, jirani apige, na fundi atengeneze.

Simu ya Android hutoka kiwandani milango yake mingi ikiwa wazi. Kufuli zake zimo humo humo, katika sehemu iitwayo Mipangilio, na hazihitaji kununuliwa. Kabla ya yote, ingia katika sehemu ya lugha, uchague Kiswahili, ili uyasome maneno unayoyafahamu. Majina tunayoyataja hapa yanaweza kutofautiana kidogo baina ya simu na simu. Usipoyaona, andika neno katika kisanduku cha kutafutia kilichopo juu ya Mipangilio.

1. Skrini iliyofungwa isitoe siri

Wengi wameweka namba ya siri na wakadhani wamemaliza. Simu ikilala juu ya meza, ujumbe ukiingia, maneno yake yanasomeka na kila aliyekaa karibu. Fungua Arifa, tafuta arifa za skrini iliyofungwa, kisha chagua kuficha maudhui ya siri. Utaona kwamba ujumbe umeingia, lakini hautasomeka mpaka simu ifunguliwe.

2. Kuazima simu bila ya kuazima siri

Tangu Android 5, iliyotoka mwaka 2014, kuna jambo liitwalo kubandika programu. Kazi yake ni kuifungia simu ndani ya programu moja tu. Limo katika sehemu ya usalama. Liwashe, na uwashe pia kuombwa namba ya siri kabla ya kubandua. Mtoto akitaka kusikiliza Juzuu Amma, fungua programu ya Qur-ani, nenda kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, gusa alama ya programu ile na uchague kubandika. Hapo hatoki kwenda kwenye picha wala kwenye ujumbe mpaka wewe uifungue.

Baadhi ya simu pia zina mtumiaji mgeni. Ukiuwasha, simu hufunguka kama mpya, bila ya picha zako wala akaunti zako. Huu unafaa kwa simu moja inayotumiwa na watu wengi nyumbani.

3. Ruhusa: hata programu ya adhana ipige hodi

Tangu Android 6, programu haipati kamera, maikrofoni wala mahali ulipo bila ya kukuomba. Tatizo ni kuwa tunakubali bila ya kusoma. Ingia katika Faragha, kisha kidhibiti cha ruhusa, utaona kila programu na ilichopewa. Programu ya tochi haina haja ya kujua majina ya jamaa zako. Iondolee. Na katika Android 12 na zilizofuata, programu ikitumia kamera au maikrofoni hutokea alama ya kijani juu ya skrini. Ukiiona na wewe hupigi simu wala hurikodi, uliza.

Wala tusiseme programu za dini zimesalimika. Mwezi wa Novemba 2020 iliripotiwa Marekani kuwa taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu maarufu ya nyakati za sala, zilikuwa zikifika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la nchi hiyo. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, na wakatangaza kukata mafungamano na kampuni hiyo.

Fundisho lake ni kutoa kwa kadiri ya haja. Nyakati za sala hazihitaji kujua nyumba yako ilipo. Baina ya Mwanakwerekwe na Bububu tofauti haifiki hata dakika moja. Kwa hivyo ipe programu makadirio ya mahali tu, na wakati unapoitumia tu, au uchague mji kwa mkono. Na kibla chetu Unguja kinaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Dira ya simu ni ya kuthibitisha tu.

4. Kuchuja yasiyofaa

Wazazi wengi hawaijui DNS ya faragha, iliyokuja na Android 9. Imo katika sehemu ya mtandao na intaneti. Chagua kuweka jina la mtoa huduma, kisha andika: family.cloudflare-dns.com. Huduma hii ni ya bure. Huzuia tovuti nyingi za uchafu na za virusi, ukiwa unatumia bando au waifai.

Lakini ujue mipaka yake. Haichuji yanayotumwa ndani ya WhatsApp wala yanayopita TikTok, na kijana mjanja anaweza kuiondoa. Ni ukuta, na ukuta haufanyi kazi ya mzazi. Ongeza Nidhamu Dijitali, ambapo unaweka muda wa kila programu kwa siku na saa ya kulala. Kisha kaa na mwanao umueleze kwa nini. Anayemcha Allah akiwa peke yake chumbani ana ulinzi ambao hakuna kiwanda kinachoutengeneza.

5. Sala

Katika Usinisumbue mna ratiba. Weka Ijumaa kuanzia saa sita mchana mpaka saa saba na nusu, ambayo simu huandika 12:00 hadi 13:30, na haitolia katikati ya khutba hata ukisahau. Na ikiwa programu yako ya adhana hukaa kimya alfajiri, mara nyingi sababu ni kuwa simu imeilaza ili kuokoa chaji. Fungua programu hiyo katika Mipangilio, ingia sehemu ya betri, uchague isiwekewe vizuizi.

6. Suali la historia ya arifa

Tangu Android 11 kuna historia ya arifa. Ukiiwasha, simu huhifadhi arifa zilizopita kwa muda wa saa 24, na mara nyingi ujumbe uliofutwa na aliyeutuma hubakia kusomeka humo. Je, yafaa mume kuiwasha kwa siri katika simu ya mkewe, au mke katika simu ya mumewe, ili aone kinachofutwa?

Jawabu: haifai. Kufuatilia siri za Muislamu ni tajassus, na Allah ameikataza waziwazi katika Suratul-Hujuraat, aya ya 12, pamoja na dhana mbaya na kusengenyana. Ndoa haiondoi katazo hilo. Mwenye wasiwasi azungumze na mwenzake, na wakishindwa waite wazee. Nyumba ngapi zimevunjika kwa ujumbe nusu uliosomwa bila ya mwanzo wake! Ama mtoto mdogo, mzazi ni mlinzi wake, na inafaa kuangalia kwa kadiri ya haja. Lililo bora ni mtoto ajue kuwa anaangaliwa, ili apate malezi na asifunzwe kuvizia.

Na aliyetumiwa ujumbe kwa makosa ukafutwa, kisha akauona katika historia, ausitiri.

7. Kumpa fundi na kuuza

Usimuachie fundi namba yako ya siri bila ya dharura. Baadhi ya simu za Samsung zina hali ya matengenezo, inayoficha vitu vyako wakati wa kutengenezwa. Ukiuza simu, kwanza hifadhi vyako pengine, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google, kisha nenda katika Mfumo, chaguo za kuweka upya, na ufute data yote. Usipoiondoa akaunti, aliyenunua anaweza kukuta simu imejifunga, na hiyo ni dhulma katika biashara. Usipofuta, umeuza na sitara ya ahli zako.

Mwisho, vijana hufundishana kugusa namba ya muundo mara saba ili zifunguke chaguo za wasanidi programu. Hazina haramu, lakini ni zana za mafundi. Asiye na kazi nazo azizime, khasa ule utatuzi wa USB, ambao huiruhusu kompyuta iliyokubaliwa kuiamuru simu.

Leo usiku, baada ya Isha, mchukue mwenzako na watoto wenu, mfungue Mipangilio pamoja na muanze na moja tu katika haya.

Tunamuomba Allah azisitiri nyumba zetu, awalinde watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Aamiin.

Wallahu a'lam.