Kunyonya mafuta mwilini si dawa ya kupunguza uzito

WENGI wanaokwenda kwa daktari wa upasuaji wa urembo kunyonywa mafuta hutarajia kutoka wakiwa wamepungua kilo nyingi. Hilo halitokei.

Upasuaji huo hurekebisha umbo. Daktari hupenyeza mrija mwembamba kupitia tundu dogo, kisha mashine huvuta mafuta yaliyo chini ya ngozi ya tumbo, mapaja au mikono. Kwa kawaida kinachotolewa kwa mara moja hakizidi lita 5. Zaidi ya hapo mgonjwa hulazwa na kuangaliwa kwa karibu. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, ambayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, hayaguswi.

Baada ya hapo kuna uvimbe, ngozi kuvia damu na kufa ganzi kwa wiki kadhaa, na vazi la kubana ambalo katika joto letu ni adhabu. Umbo halisi huonekana baada ya miezi.

Hatari kubwa zaidi ni pale mafuta hayo yanapohamishiwa kwenye makalio. Yakidungwa ndani ya msuli, yanaweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu, yakafika kwenye mapafu na kumuua mgonjwa papo hapo. Mwaka 2018 vyama vya madaktari hao vilionya kwamba huenda mgonjwa 1 kati ya 3,000 hufariki, vikataka mafuta yadungwe chini ya ngozi tu.

Kabla ya kulipa, mteja ana haki ya kumuuliza daktari sindano yake itaishia wapi.