Kupamba Nyumba kwa Sashe na Chupa, Pasipo Moshi



Wadogo zetu wa kelasi za chini wametuuliza mara nyingi: yale maua yaliyo juu ya meza ya biblioteki yalifanywa na nini? Na ule mkeka mweusi mlangoni pa ofisi ya Bwana Prefe? Jibu ni fupi. Maua ni chupa za limonadi, na mkeka ni sashe za sokoni. Leo tunaeleza namna ya kuvifanya. Lakini yatupasa kuanza na kosa letu, kwa maana tulianza vibaya sana.

Mwaka jana wakati wa kiangazi tuliokota sashe katika shimo la takataka, tukazitia ndani ya sufuria kuukuu, tukaiweka juu ya mbabula. Shauri letu lilikuwa kuziyeyusha na kuzimimina katika kopo, tupate chombo cha kuwekea maua. Moshi ukapanda, mweusi na mzito. Mama mmoja aliyepita na beseni la mihogo kichwani akapiga kelele: "Batoto, munapika nini hapo? Muzime! Ile moshi haiko ya kuvuta!" Sisi tukacheka. Usiku ule mwenzetu mmoja, mwenye pumu, hakulala hata kidogo. Asubuhi tulimpeleka kwenye kituo cha afya, amekaa nyuma ya baiskeli, wawili wanasukuma. Alipona. Lakini hakuna aliyecheka tena.

Kwa nini tulifikiri habari ya moto? Tunadhani ni kwa sababu ya kopo. Mji wetu wa Manono ulikua juu ya kasiterite, na kasiterite ndiyo inayotoa etani. Kazi moja kubwa ya etani duniani ni kupaka makopo ya chuma yasishike kutu. Makopo yakaja kwetu na maziwa na samaki, na mafundi wakayageuza kuwa koroboi, vikombe na faneli. Fundi wa makopo anafanya kazi kwa moto, na hata ile dawa yake ya kuungia ina etani ndani yake. Basi sisi watoto tulioona kazi hiyo tulifikiri plastiki nayo ni vile vile. Siyo.

Plastiki nyingi zinatokana na mafuta ya petroli. Ikiungua katika mbabula, pasipo hewa ya kutosha, inatoa masizi na gesi ya sumu, kama monoksidi ya kaboni. Kuna aina moja iitwayo PVC, inayovishwa nyaya za umeme na kufanywa mabomba. Hiyo ikiungua hutoa asidi inayochoma macho na mapafu, tena dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Na katika shimo la takataka vyote vimechanganyika. Sasa tuseme ukweli: katika lupango nyingi, makala huwashwa kwa sashe kila jioni, kwa kuwa inashika moto upesi. Mama ameinama juu yake, mtoto mgongoni, bukari inangoja. Tukiwa na jambo moja la kuomba kila msomaji apeleke nyumbani, ni hilo. Majani makavu na vipande vya mti vinachelewa kidogo tu.

Haya, turudi kwenye kazi. Kwanza ujue unashika plastiki gani. Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za limonadi na maji, namba 2 ni bidoni ngumu, namba 4 ni sashe nyingi laini, namba 5 ni mifuko iliyofumwa ya mchele. Kama namba haionekani, kata kipande kidogo, ukizamishe ndani ya maji, kisha ukiachie. Cha chupa ya limonadi kitakaa chini, cha bidoni na cha sashe vitapanda juu.

Mkeka ndio kazi tunayoipenda zaidi. Osha sashe kwa sabuni, uzianike kivulini. Tandaza moja juu ya meza, uipige pasi kwa kiganja tu, ukate mikono yake na kitako chake. Ikunje kwa urefu, kisha uikate kwa upana wa vidole viwili. Ukifungua kila kipande utaona ni pete. Pitisha pete moja ndani ya nyingine, uvute taratibu, fundo litajikaza lenyewe. Endelea hivyo mpaka upate kamba ndefu, uizungushe iwe kama mpira. Anayejua kroshe atafuma. Ndoano yetu ni rayo ya baiskeli iliyopindwa ncha na kusuguliwa juu ya jiwe. Asiyejua asuke kamba tatu kama nywele, halafu azungushe suko hilo kama konokono na kulishona kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni. Usivute kwa nguvu, mkeka utapanda katikati kama kofia. Wa kwanza wetu ulikuwa kofia kabisa. Wavulana walisema hiyo ni kazi ya wasichana, mpaka mkeka wa tatu ulipouzwa. Siku ile ile walikuja kuomba ndoano.

Maua ni rahisi. Tazama kitako cha chupa ya limonadi: mara nyingi kina vilima vitano. Kikate, ufuate mabonde kati ya vilima, tayari una ua la majani matano. Rangi ya mafuta inashika, lakini jua la dirishani huipausha upesi, na ua lililopauka linarudi kuwa takataka. Sisi twapenda zaidi mkeka, kwa kuwa mkeka una kazi nyumbani.

Bidoni iliyokatwa yafaa kupandia maua ya kweli. Itoboe chini, maji yasilale ndani, maana maji yaliyolala ni nyumba ya mbu. Na bidoni iliyobeba dawa ya kuua wadudu usiiguse, hata ukiiosha mara kumi.

Kazi hii haikuanzia kwetu. Kule Bukavu, Nicole Menemene na kampuni yake Plastycor wanageuza plastiki iliyookotwa kuwa vikapu, vyombo vya maua na viti. Huko takataka za ziwa Kivu zimewahi kuziba mtambo wa umeme wa Ruzizi, mji ukakosa taa. Kule Lamu, Kenya, mafundi walijenga jahazi zima la plastiki, Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Wao waliyeyusha plastiki, ndiyo, lakini kwa mashine, si kwa sufuria.

Hatusemi Manono itasafishwa kwa mikeka. Tangu tarehe 30 Desemba 2017 iko dekreti ya serikali inayokataza sashe za plastiki, na bado shimo letu linajaa kuliko vidole vyetu vinavyoweza kufuma.

Anayetaka kujifunza aje Jumamosi saa nane, chini ya mwembe nyuma ya kelasi ya tano. Aje na makasi na sashe zilizooshwa. Zenye harufu ya samaki tutamrudishia mwenyewe.