Chini ya Kisima Kuna Nini?

Bwana mkulima, mwezi uliopita mwenzako mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu. Alikuwa amechimba kisima futi 60 bila kuona tone la maji, na mtamba mmoja alikwisha kuuzwa ili wachimbaji walipwe. Sasa alitaka kuuza wa pili. "Karani," akaniuliza, "huko chini kabisa si kuna maji matupu?"

La, hakuna. Nilikuwa na yai la kuchemsha, chakula changu cha mchana, nikalikata katikati. Ganda lake ni mfano wa tabaka la juu la dunia, yaani udongo na mawe tunayokaa juu yake. Katika nchi kavu unene wake ni kilomita 35 hivi, na kwa kulinganisha ni jembamba kuliko hilo ganda la yai. Ule weupe ni tabaka la pili, linalofika karibu kilomita 2,900 kwenda chini. Wengi hudhani ni uji wa moto, sivyo. Ni mwamba mgumu, ila kwa joto lake husogea polepole, sentimita chache kwa mwaka. Kiini ni chuma na nikeli: nje kimeyeyuka, ndani ni kigumu ijapokuwa kina moto mkali, kwa kuwa kinabanwa na uzito wote ulio juu yake. Kutoka shambani kwako mpaka katikati ni karibu kilomita 6,371.

Hakuna aliyefika huko. Huko Kola, Urusi, walianza kutoboa mwaka wa 1970, wakafika mita 12,262, joto likawashinda. Hata ganda hawakulimaliza! Habari za chini zaidi huletwa na mitikisiko ya matetemeko ya nchi inayopita ndani ya dunia. Kwa kuichunguza, Bibi Inge Lehmann wa Denmark alitambua mwaka wa 1936 kwamba ndani ya kiini mna kiini kingine.

Basi maji ya kisima yamo katika mchanga na nyufa za sehemu ya juu tu ya ganda. Ukizidi kushuka, mawe hushikamana na joto huongezeka. Katika Bonde la Ufa huongezeka upesi zaidi. Ndiyo maana mvuke wa Olkaria unatoa umeme tangu mwaka wa 1981. Tena maji mengi ya ardhini ya huko yana floridi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe, mwite mpimaji wa maji ya ardhini ayatazame mawe ya mahali pako. Yule mwenzako alimwita, akaambiwa pale pana mwamba mtupu, ajaribu upande wa bondeni. Shimo la kwanza amelifunika kwa mbao watoto wasitumbukie, na mtamba wa pili bado yumo zizini.