Je, Wajua? Karatasi Iliyokinga Mgongo

Ukiwa Kakanda, mji wa shaba na kobalti ulio kaskazini-magharibi mwa Likasi, humhitaji mtu wa kukueleza Mchina ni nani. Malori yanapita, mitambo inanguruma. Lakini je, wajua kwamba karibu miaka 180 iliyopita gavana mmoja wa Kichina aliandika kitabu kizima juu ya machimbo ya shaba? Aliitwa Wu Qijun, na alitawala Yunnan, jimbo ambalo shaba yake ilifuliwa sarafu zile za duara zenye tundu la mraba katikati. Kitabu kilitoka miaka ya 1840, kikiwa na michoro ya mashimo na vifaa vya wachimbaji. Wala Wu hakuwa mhandisi. Cheo chake kilitokana na mtihani wa insha na vitabu vya wahenga wa Kichina: mwaka 1817 alishika nafasi ya kwanza katika himaya nzima.

Mtihani huo ulianza karibu mwaka 605 na ukafutwa mwaka 1905. Miaka 1,300! Kituo cha Nanjing kilikuwa na vijumba zaidi ya 20,000, kila kimoja kikimtosha mtu mmoja na mbao zake mbili, moja ya kukalia na nyingine ya kuandikia. Usiku mtahiniwa aliziweka pamoja akalala juu yake amejikunja. Majibu yote yalinakiliwa upya na waandishi maalumu, ili msahihishaji asitambue mwandiko wa mwanawe au wa mtoto wa tajiri anayefahamiana naye. Wengine walirudia mtihani hadi ndevu zikaota mvi.

Aliyefaulu ngazi ya chini kabisa bado hakupata ofisi. Alichopata ni heshima, msamaha wa kazi za shuruti, na jambo ambalo mtu wa Katanga atalielewa upesi: hakimu wa kawaida hakuruhusiwa tena kumchapa fimbo. Ile karatasi ya mtihani ilikinga mgongo wake.

Naitaja fimbo kwa makusudi, kwa sababu sisi nasi tulikuwa na karatasi ya namna hiyo.

Lakini kabla ya karatasi hiyo, je, wajua kwamba mmoja wa viongozi wa mgomo mkubwa wa kwanza wa wafanyakazi weusi wa kampuni ya migodi ya Union Minière alikuwa karani? Léonard Mpoyi alikuwa mtu wa kalamu, si wa sururu. Mwaka 1941 vita vya dunia vilitaka shaba zaidi kila siku, bei za vitu zikapanda, mishahara ya Waafrika ikabaki palepale. Desemba mwaka huo kazi ilisimama Likasi, ambayo wakoloni waliiita Jadotville. Mgomo ukafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na tarehe 9 Desemba wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira. Mpoyi alikuwa miongoni mwa waliosimama kuzungumza na wakubwa kwa niaba ya wenzake. Aliuawa kwa risasi, na mashahidi walisimulia kwamba aliyemfyatulia ni gavana Amour Maron mwenyewe. Kisha askari wakaugeuzia umati bunduki. Serikali ilihesabu wafu 48, na masimulizi ya kambini yamekataa hesabu hiyo tangu siku hizo. Likasi nako damu ilimwagika.

Ukiniuliza mimi, mwanzo wa habari za wasomi-watumishi wa Katanga ni hapo, kwenye nyasi za uwanja ule. Mtu aliyefundishwa kusoma ili amwandikie bwana hesabu alitumia elimu hiyohiyo kuwasemea wasiojua kuandika.

Wabelgiji waliona hatari. Mwaka 1944, baada ya askari kuasi Luluabourg, Wakongo waliosoma wa mji ule waliandika waraka wakiomba wasihesabiwe sawa na watu wasio na elimu. Hao ndio walioitwa évolué, yaani waliokwisha kuendelea: makarani, walimu, wauguzi. Ombi lenyewe lina uchungu ndani yake, maana lilitaka mlango ufunguliwe kwa wachache huku ukuta ukiachwa umesimama. Lakini aliyewahi kuona ngozi ya mwenzake ikichanika kwa mjeledi wa kiboko hatamhukumu upesi aliyeomba mgongo wake usiguswe.

Jibu lilikuja mwaka 1948: *carte du mérite civique*, kadi ya raia mwema. Mwombaji alitakiwa awe na umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, awe na mke mmoja, asijihusishe na uchawi, asiwe amehukumiwa kwa wizi au udanganyifu. Mwenye kadi hakuchapwa mjeledi, na angeweza kupita usiku katika mitaa ya wazungu bila kukamatwa. Mgongo ulikingwa, kama kule China.

Ngazi ya pili ilikuja kwa dikrii ya mwaka 1952, nayo iliitwa *immatriculation*. Hapa mtihani uliingia hadi jikoni. Wakaguzi walikuja nyumbani kwa mwombaji. Walitazama vyumba, vitanda na choo, wakauliza kama baba, mama na watoto hula mezani pamoja, na kama wanatumia uma na kisu. Mtahiniwa wa Nanjing aliulizwa maneno ya Confucius. Karani wa Kongo aliulizwa ugali anaulaje, na mke wake, ambaye hakuomba kadi yoyote, alisimama huku sufuria zake zikikaguliwa.

Je, wajua ni wangapi waliofaulu? Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye kadi ya kwanza hawakufika 2,000 katika Kongo nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni 13. Wa ngazi ya pili walikuwa mia mbili na kitu tu. Mmoja wao alikuwa karani wa posta wa Stanleyville, Patrice Lumumba, aliyekubaliwa mwaka 1954 baada ya kukataliwa kwanza.

China na Kongo zinaachana hapa, na hili ndilo linalonikera kila nikisoma habari hizi. Mchina aliyepanda ngazi zote alipewa wilaya aitawale, kodi azikusanye, mahakama ahukumu. Wu Qijun alipewa jimbo zima. Mkongo aliyefaulu kila ukaguzi alirudi kwenye meza yake ileile, chini ya mzungu yuleyule. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, kati ya maofisa wa juu wa serikali zaidi ya 4,000, Waafrika walikuwa 3. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Makarani wa Likasi waliokuwa na akili ya kuwa mawakili walizeeka wakiandika orodha za posho.

Kalamu hata hivyo haikulala. Huko China watumishi wa serikali walikuwa washairi pia. Su Shi alitupwa uhamishoni mwaka 1080 kwa sababu ya mashairi yaliyowaudhi wakubwa. Kongo alikuwako Antoine-Roger Bolamba, mtumishi wa serikali ya kikoloni, mhariri wa *La Voix du Congolais* tangu mwaka 1945, aliyetoa diwani ya *Esanzo* mwaka 1955. Na kwenye mwambao wa Tanganyika, Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akawa mshairi huku akiendelea na utumishi wa serikali.

Lakini kitabu ninachokipenda kuliko vyote hakikuandikwa na mwenye kadi yoyote. Je, wajua kwamba mwaka 1965 aliyekuwa boyi wa wazungu, André Yav, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha Katanga? Aliwaandikia wenzake waliowahi kupika, kufua na kufagia majumbani mwa mabwana. Ni kurasa zaidi ya 30 za taipureta, kwa Kiswahili kile kinachosikika sokoni Likasi na kambini Kakanda, si kile cha vitabu vya shule. Kitabu kinasimulia mji tangu siku za kwanza, ukitazamwa kutoka jikoni, mahali palepale wakaguzi walipokuja kupima ustaarabu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990, na leo hakuna anayeweza kuandika juu ya Lubumbashi ya kale akampita Yav.

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi utapita Shilatembo. Lumumba aliuawa huko tarehe 17 Januari 1961, miaka isiyofika saba tangu apewe ile karatasi ya mtu aliyeendelea.

Basi, ndugu msomaji, kama Kakanda, Kambove au Likasi mna sanduku la babu lenye kadi ya miaka ile, buku la kazi la Union Minière, au daftari lenye mwandiko wa karani, msilichome mnapohama nyumba. Mkalisheni mzee aliye hai, mwulizeni majina, mwandike nyuma ya karatasi hiyohiyo kwa Kiswahili mnachokisema nyumbani.