Bata mzinga wa kusaga: Kwa nini maji yayashinde mafuta

Jioni inapoingia katika vitongoji vya Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, harufu ya nyama choma hutangulia kumlaki mgeni. Nyama isipochomwa hukaangwa, na ikisagwa aghalabu huishia katika karai la mafuta. Mazoea hayo yamekita mizizi kiasi kwamba mtu akiambiwa kima cha bata mzinga chaweza kuchemshwa kwa maji matupu, hudhani anaelekezwa chakula cha mgonjwa. Dhana hiyo haina mashiko.

Jambo la kwanza ni usalama. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu zaidi juu ya uso wake, mahali ambapo moto hufika upesi. Nyama hiyo ikishapitishwa kwenye mashine ya kusagia, kilichokuwa nje huingia ndani na kuchanganyika na nyama yote. Kwa ndege hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu bakteria aina ya Salmonella na Campylobacter hupatikana sana kwao. Ndiposa wataalamu wa usalama wa chakula huhimiza kwamba nyama ya ndege iliyosagwa ifikie joto la nyuzi 74 za Selsiasi kila mahali, bila kubakiza hata bonge moja.

Karaini, sehemu inayogusa chuma hubadilika rangi haraka ilhali katikati ya bonge bado ni mbichi, na mpishi hudanganywa na macho. Maji hayana ubaguzi wa aina hiyo, kwani huzunguka kila chembe. Ni kweli kwamba Kitengela, ikiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. (Hiyo ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva huko kuliko Mombasa.) Hata hivyo, nyuzi 95 zimezipita 74 kwa mbali.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Kifua cha bata mzinga kina mafuta machache mno, lakini kikisagwa pamoja na ngozi na mapaja hali hugeuka. Anayekaanga huongeza mafuta juu ya mafuta, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hubeba takriban kalori 120. Anayechemsha huyaona mafuta ya ndege yakielea, akayaengua kwa upawa. Fauka ya hayo, nyama inapokaangwa au kuchomwa kwa moto mkali huzalisha kemikali zinazohusishwa na saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipotoa tahadhari yake mnamo Oktoba 2015, lilizungumzia nyama nyekundu na ile iliyosindikwa, wala bata mzinga hakuwemo. Lakini kemikali hizo hutokea hata katika nyama nyeupe ikiunguzwa. Katika maji yanayochemka huwa haba sana.

Na mfuko je? Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, kisha Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese kwa wiki kadhaa kuanzia mwishoni mwa Aprili, bei zilipanda na familia nyingi zikajifunza kupima kwa kijiko kile zilichozoea kumimina.

Kosa linalowaharibia wengi ni kuitumbukiza nyama katika maji ambayo tayari yanatokota. Joto la ghafla hukaza protini za nje papo hapo, na kima hugeuka madonge magumu. Nyama itiwe katika sufuria ikiwa baridi, nusu kilo kwa kikombe kimoja cha maji baridi, ipondwepondwe kwa mwiko hadi ifanane na uji mzito, ndipo iwekwe jikoni. Ikorogwe bila kuachwa mpaka ichemke, povu liondolewe, kisha iendelee kwa moto wa wastani kwa dakika nane hadi kumi.

Maji hayo yasimwagwe. Vitamini za kundi B huyeyukia humo, na ladha pia. Mafuta yakishaenguliwa, kitunguu, nyanya, tangawizi na chumvi huongezwa na sufuria huachwa wazi hadi maji yapungue na kubaki rojo. Dania hutiwa mwishoni.

Kipo kinachopotea, na si haki kukificha. Ile harufu na rangi ya hudhurungi ya nyama iliyokaangwa huhitaji joto la nyuzi 140 hivi, ambalo maji hayawezi kulifikia. Viungo ndivyo huziba pengo hilo. Wapishi wa pwani wanalijua hili tangu zamani, kwani kima cha sambusa hukaushwa kwa maji yake yenyewe pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, bila tone la mafuta. Hata Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, ambao kijadi hawakula ndege, wana supu yao ya nyama inayochemshwa na magome ya olkiloriti. Kwa hivyo chungu cha maji si kigeni pande hizo. Mgeni ni bata mzinga.

Ikumbukwe tu kwamba kuchemsha hakuiponyi nyama iliyoharibika. Sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria hustahimili moto hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Wala wekundu si hakikisho: Julai 2019 runinga moja nchini Kenya ilifichua jinsi kemikali zilivyotumiwa kuifanya nyama iliyochakaa ionekane mbichi. Kwa kuwa bata mzinga hununuliwa zaidi akiwa mzima, hasa msimu wa Krismasi, ni heri mteja asagiwe nyama akishuhudia, mashine ikiwa imeoshwa, na aipike siku iyo hiyo. Kinachosalia kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na kabla ya kuliwa tena kichemke upya hadi kitoe mvuke.